Taa ya Mtakatifu Kazimiri

12 Januari 1989

Ludwik mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. U mzima? Mimi mzima ila magoti, na baridi ya ziwa mwaka huu haina adabu.

Askofu Mkuu wetu amefariki, umesikia. Jumapili Padre Stas akajisahau, akamtaja kwenye sala ya ekaristi kana kwamba yu hai: “na Askofu wetu Patriki.” Rafiki yangu Halina akanishika mkono: “Bronia, tumekwisha!” Yule mzee amekufa kabla ya kutia sahihi ya kufunga makanisa yetu sisi Wapolandi wahamiaji, na letu la Mtakatifu Kazimiri limo. Atakayekuja ndiye atakayetia.

Taa ya tabernakulo, ile inayoning’inia juu na isiyozimwa maadamu kanisa lipo, naitunza mimi tangu ukiwa tumboni. Wewe nawe ni askofu, hata kama ni wa jimbo la mahindi na ng’ombe. Wakubwa unawajua. Akitajwa mtu, msemeshe asitufunge.

Nimekutumia soseji. Usiile Ijumaa.

Mama yako

3 Februari

Mama mpenzi,

Milele amina. Soseji imefika, dereva wangu kaila karibu yote. Magoti uyapake mafuta.

Mbona unaogopa hivyo? Ulinifundisha mwenyewe zile picha za maaskofu waliopita, kwenye ngazi za ukumbi wa kanisa kuu. Yule Mjerumani wa kwanza, kipindupindu kilimuua akizika watu wake. Yule aliyeanza kanisa kuu akafa halijaezekwa. Yule Mwairishi aliyekataza tusihubiriwe Kipolandi, bibi akamzuia mlangoni kwa ufagio. Wote wamepita, Kazimiri lipo. Nikimjua mtu, nitamsemesha.

Mwanao Ludwik

9 Machi

Ludwik,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo kweli? Barua zangu mbili hujajibu. Nimepiga simu, katibu wako anasema uko kwenye sala. Sala gani hiyo ya wiki nzima? Unaumwa?

Halina anasema umeshamjua anayekuja na unatuficha. Nikamwambia, “Koma! Mwanangu hanifichi kitu.” Lakini usingizi sipati. Niandikie hata mstari mmoja.

Mama yako

15 Machi

Mama,

Milele amina. Siumwi. Kuna jambo nimeulizwa, na nimekatazwa kulisema hata kwa mama mzazi. Nimejibu ndiyo. Tangu hapo mikono inanitetemeka ninapoinua kikombe. Naogopa kama siku ile uliyoniacha kwenye lango la seminari, nikiwa na sanduku la baba.

Usiniulize. Leo usiliombee kanisa, niombee mimi.

Mwanao

12 Juni

Ludwik mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Nataka kuandika “Baba Askofu Mkuu,” mkono unakataa, basi nisamehe. Unakula? Siku ya kusimikwa kwako nilikuona umekonda.

Gazeti lilipokutangaza, wanawake walicheza ukumbini kwetu. Halina alilia kwa furaha: “Tumepona, ni Ludwik wetu!” Mimi sikucheza. Niliikumbuka ile barua yako ya mwisho, uliposema nisiliombee kanisa. Na siku ulipokikalia kile kiti, nilikuwa benchi la pili, hukunitazama hata mara moja. Hapo nikajua.

Jana Padre Stas ametusomea tamko lako. Kazimiri mwisho Agosti. Najua paa linavuja, najua tumebaki wazee wa kuhesabika. Sina la kubishana. Kisha misa ikaendelea, akafika pale: “na Askofu wetu Ludwik.” Watu wakageuka kunitazama. Niliinamisha kichwa, nikakuombea kwa jina, kama ulivyoniomba. Halina aliondoka kabla ya komunyo, na leo hakunisalimu.

Kufungwa sikuogopi tena. Naogopa zile ngazi za picha. Picha yako itatundikwa pale, na mama fulani atamwonyesha mwanawe: huyu ndiye aliyefunga Kazimiri. Nami sitakuwepo kumwambia kwamba mikono yako ilitetemeka.

Ombi langu ni moja. Siku hiyo usitume katibu wala monsinyori. Njoo uizime taa wewe mwenyewe. Mimi nimeiwasha miaka yote hii, kuizima siwezi. Nitakushikia ngazi, maana ile ya sakristia inayumba.

Uje umekula. Nikikupikia nitalia.

Mama yako