Saba ya Kopa Niliyoikata

Sepuka,
Ikungi, Singida.

Dada yangu mpendwa Evodia,

Shikamoo. Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha jogoo mwekundu, kilichotokea hapa nyumbani Sepuka, uani, Jumapili jioni, kwa kisu. Habari ziwafikie shemeji Godfrey hapo Morogoro, wajomba zangu wote wadogo, na jirani yeyote anayependa supu. Marehemu hakuacha mjane wala mtoto kwa kuwa alilala hapa usiku mmoja tu. Mazishi yalifanyika jioni hiyohiyo, kwa ugali.

Baada ya tangazo hilo, habari za afya yako? Mguu wa shemeji umepona, au bado anautumia kukwepa kuchota maji? Sisi hapa ni wazima. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini bado anatugombeza mchana kutwa bila kuchoka, kwa hiyo hatuna wasiwasi naye. Alizeti ya bondeni imekubali. Ile ya juu imeliwa na ndege, na hapo ndipo habari yangu inapoanzia. Nimeona niandike badala ya kupiga simu kwa sababu shemeji ana tabia ya kuweka spika, na jambo hili si la spika.

Unajua kwamba mke wangu Loyce alirudi kwao Mgori. Najua mama alikwambia tuligombana. Hatukugombana. Loyce alikwenda kumuuguza shangazi yake, akaniachia kazi moja, kufukuza ndege shambani. Mimi nikaenda kucheza karata nyuma ya mashine ya kusaga. Aliporudi alisimama katikati ya yale mashina matupu, akaviangalia vile vichwa vya alizeti vilivyobaki maganda, kisha akaingia ndani na kufunga mzigo. Afadhali tungegombana.

Nikamtuma Calist, mshenga wetu yuleyule wa siku zote, apeleke Mgori kiapo changu kwamba karata nimeacha. Baba mkwe, Mzee Stefano, akajibu kwamba kiapo cha kubebewa na mtu mwingine hakijui. Niende mwenyewe Jumapili, aniulize mbele ya ndugu. Akiridhika, nitaondoka na mke wangu. Asiporidhika, nitaondoka na Calist.

Mtu mwenye akili angekaa nyumbani akisubiri hiyo Jumapili. Mimi Jumamosi nilikwenda Mwankoko, pale Singida mjini, kuziaga karata.

Kulikuwa na mashindano. Mfanyabiashara mmoja wa mjini, Hussein, alikuwa amefungua mashine mpya ya kukamua alizeti na alitaka watu wajae uani kwake waione. Zawadi ya kwanza baiskeli, ya pili jogoo. Mchezo ni arubastini. Wewe hukuwahi kucheza, kwa hiyo nikueleze kidogo tu. Mnacheza wawili kwa wawili, mwenzako anakaa mbele yako, na karata zake huzioni. Kubwa ni ree, inayofuata ni saba. Rangi ziko nne, kama kopa, maua na shupaza, na moja inakuwa turufu, na turufu hata ikiwa ndogo inakata karata yoyote ya rangi nyingine. Kuongea ni marufuku. Ila uso haujawahi kupigwa marufuku, na sisi wachezaji wote tunaishi kwa uso. Mimi na Calist tulikuwa hatushikiki. Akifumba jicho la kulia ana ree, akisukuma ulimi shavuni ana saba, akijikuna pua nimwokoe.

Hussein akasema safari hii amechoka na watu wanaokonyezana kama wachumba, kwa hiyo mwenzako utampata kwa kura. Akatia majina kwenye sufuria. La kwangu likatoka, Enock wa Sepuka, nikasimama. Likatoka la pili, la mwanamke wa Mgori. Jina lenyewe sitaliandika hata hapa, maana katika miaka yote ya ndoa yangu sijawahi kulitamka. Nilipoinua shingo kutafuta mwenye jina hilo, nikaona kwanza kitenge, kisha viatu vya plastiki, kisha nikainamisha kichwa haraka. Alikuwa mama mkwe.

Dada, wewe unajua mila yetu. Mama mkwe nikikutana naye njiani naingia porini apite. Salamu namtolea nyuma ya ukuta. Sura yake ningeulizwa polisi nisingeweza kuieleza. Sasa Jumamosi hiyo, siku moja kabla ya kikao, mimi niliyeapa nimeacha karata, na yeye ambaye nilidhani karata hajawahi kuzigusa, tumesimama uani kwa Hussein tukiangalia mchanga kama watu waliodondosha sindano.

Nilikuwa nageuka niondoke. Ndipo akasema, si kwangu, kwa Hussein, "Mwambie huyo kijana akae, watu wanasubiri."

Nikakaa.

Nilichokiona baada ya hapo sijui kama nitaweza kukupa kama kilivyokuwa. Baadaye niliambiwa kwamba alijifunzia kwenye soko la vitunguu, wanawake wanaposubiri malori, na kwamba huko kuna watu hawakubali kukaa naye meza moja. Mimi sikujua. Nilichokuwa nacho ni mikono yake tu, kwa sababu juu ya mikono sikuruhusiwa kwenda. Mikono mikavu, yenye kovu la moto kwenye kidole gumba. Mchezo wa kwanza nilicheza kama kipofu. Wa pili nikaanza kuona. Karata isiyo na kitu nyuma yake aliiweka pembeni, taratibu, kwa ncha za vidole. Karata yenye ndugu yake mkononi aliilaza kwa kiganja chote, kama anayekanda unga, akaiacha. Hakuwa ananipigia ishara. Ndivyo alivyokuwa anaweka vitu, basi. Na kila karata iliyopita mezani aliikumbuka. Nikitupa kijikarata changu cha hovyo, yeye tayari alikuwa amekipangia kazi. Nikasikia ubaridi mgongoni, dada, ule unaousikia kanisani kwaya ikinyamaza ghafla. Nilikuwa nimeketi mbele ya mtu anayeona upande wa pili wa karata, na mtu huyo amekuwa akinipikia ugali nyuma ya ukuta miaka yote hii.

Tukawatoa walimu. Tukawatoa watu wa gereji. Fainali tukakutana na Mzee Isaka, fundi cherehani, na Shukuru wa bodaboda. Isaka ana mdomo. Alituangalia, akamuuliza mwenzake kwa sauti, "Hawa wamegombania nini, mbona hawatazamani?" Shukuru akasema labda mmoja anamdai mwenzake. Watu wakacheka. Mama mkwe akachukua ree ya Isaka kwa turufu ndogo kuliko zote, na kicheko kikahamia upande wa pili.

Tukafika mwisho wa mwisho, karata mbili mbili mkononi. Turufu ilikuwa shupaza. Mimi nina nne ya shupaza na takataka moja ya maua. Mama mkwe akaanza yeye. Akaweka saba ya kopa. Aliilaza kwa kiganja chote.

Shukuru akatupa kopa ndogo. Zamu yangu. Ree ya kopa ilikuwa haijatoka. Kama Isaka anayo, ile saba ameila na baiskeli yake. Nikiikata kwa turufu yangu, nimeiokoa. Nikiiacha, ni lazima niamini kwamba ree anayo mama mkwe mwenyewe. Na mkono ulikuwa umeshaniambia anayo. Mkono ule haukuwa umenidanganya tangu asubuhi. Lakini woga ulinishika, nikataka kuhakikisha, nikafanya kama ningefanya kwa Calist.

Niliinua macho, Evodia. Nilimtazama mama mkwe usoni.

Yeye macho yake yalikuwa pale pale mezani, hakuyanyanyua. Lakini uso ulikunjamana, mdomo ukajikaza, na mkono ukavuta kitenge hadi shavuni. Nikasema moyoni, kumbe hana kitu, ameogopa. Nikaikata saba yake.

Halafu ikanibidi nianze mimi, nikaweka ile takataka ya maua. Isaka akaweka maua kubwa zaidi. Mama mkwe akabaki na karata yake moja, akaitoa, na ilikuwa ree ya kopa, ikaanguka kwenye rundo lao. Ningekaa kimya na turufu yangu, saba ingepita, na ree ingepita nyuma yake. Nimelifikiria jambo hili nikiwa nalima, nikiwa nakula, nikiwa naongea na watu. Ule uso haukuwa wa mtu mwenye karata mbaya. Ulikuwa wa mama mkwe anayetazamwa na mkwe wake. Mwanamke mzima aliona aibu kwa ajili yangu, mimi nikaisoma ile aibu kama ishara ya karata.

Baiskeli wakapanda wao. Hussein akamletea mama mkwe jogoo. Akasema, bado akimwambia Hussein, "Jogoo mpe kijana. Mimi nimekuja mjini kununua chumvi." Akafunga kitenge, akaondoka na chumvi yake.

Jumapili nikafika Mgori nikiwa nimeshajihukumu. Wanaume tumekaa uani, mama mkwe yuko jikoni na Loyce. Mzee Stefano hakuzunguka. Akaniuliza, "Mwanangu, karata umeacha au hujaacha?" Nikafungua mdomo bila kujua utatoa nini. Kabla haujatoa kitu, sauti ikatoka jikoni.

"Baba Loyce, mimi kwa macho yangu sijamwona huyo kijana ameshika karata."

Ndugu wakatikisa vichwa kukubali, maana wote wanajua mama huyu hasemi uongo, na kweli hakusema. Siku nzima ile hakuniona. Katika wote waliokuwa kwa Hussein, ni yeye peke yake aliyeweza kulitamka neno hilo akabaki msafi. Mimi nisingeweza. Mzee akasema kama mama mwenyewe hajaona, yeye ni nani. Akaita mwanawe aje na mzigo wake.

Kwa hiyo hilo ndilo ninalokuungamia, dada, na kwako tu. Mama mkwe alishika mila mpaka mwisho na ikanirudishia mke. Mimi niliivunja kwa sababu ya saba moja. Zamani ningetozwa mbuzi. Sasa sijui nimpelekee nani huyo mbuzi, maana nikimpeleka itabidi nieleze.

Jioni hiyo Loyce alikaa uani akinyonyoa yule jogoo. Hakuniuliza ametoka wapi. Alinyonyoa hadi mabawa, kisha akasema bila kuinua kichwa, "Mama anauliza, ile saba ya kopa uliikatia nini?"

Nilikwenda kuchota maji.

Karata nimeacha. Juzi nilikaa na Calist mezani kwa heshima ya zamani, akaanza kukonyeza na kujikuna pua, nikaona kelele tupu. Nikasimama, nikaenda kufukuza ndege.

Msalimie shemeji Godfrey, mwambie mguu usipopona tutamletea dawa ya kienyeji, ile chungu. Wabusu watoto. Mama anasema utume picha, ila si ile uliyopaka midomo. Barua hii ukimaliza kusoma iwashie moto wa chai.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Enock.

Nimesahau kusema: yule jogoo alikuwa mgumu.