Waya Chini ya Betri

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilifika Alhamisi, nami nimeisoma mara nyingi kuliko nitakavyokiri. Kile kikohozi kimekwisha? Na shemeji, bado anabishana na jirani wa ghorofa ya juu? Huku sisi ni wazima, kwa kadiri watu waliofiwa wanavyoweza kuwa wazima. Magoti ya Mama yanamsumbua asubuhi tu, yakishapata jua yanatulia. Ameniagiza nikwambie kwamba ukiendelea kumpigia simu kila siku kumuuliza kama amekula, siku moja ataila hiyo simu yenyewe. Kiti cha Baba kipo palepale dirishani. Mama anakifuta vumbi, lakini hakikalii, wala hatumwambii mtu asikikalie. Basi tu, hakikaliwi.

Sasa nije kwenye jambo lako. Umeniandikia kwamba pedali ya Baba imeharibika. Ukiikanyaga, taa nyekundu inawaka, lakini sauti ya gita inabaki ileile. Unasema huenda ilikufa siku ulipoangusha mkoba kwenye ngazi, na kwamba tangu hapo huna raha, unajiona umevunja kitu pekee alichokuachia. Umeniomba, kwa kuwa mimi ndiye fundi wa nyumba, nikuelekeze namna ya kuitengeneza. Nitakuelekeza. Ila univumilie, maana itabidi nianzie mbali.

Wewe uliolewa ukaondoka kabla sijaanza kukaa kwenye miksa, ile mashine ya kupanga sauti za bendi ya Baba pale ukumbini, kwa hiyo hukuwahi kutuona tukifanya kazi. Baba alikuwa na lugha yake. Sauti nzito ya chini aliiita tumbo, ya kati kifua, na ile nyembamba ya juu, inayokata, aliiita meno. Jumapili mchana, ukumbi ukiwa mtupu na viti bado vimepanda juu ya meza, aligonga uzi mmoja, akasikiliza, kisha akaniambia gita la leo lina tumbo la mtu aliyetoka harusini, nilipunguze. Nami nashusha vitufe vya ekwalaiza kidogokidogo mpaka anyanyue kidole. Alinifundisha kwamba ukitaka sauti isikike usikimbilie kuipandisha, washushe majirani zake. Ile pedali ya kukuza sauti aliikanyaga mara moja tu katika wimbo, wenzake wanapomwachia apige peke yake. Na hata hapo aliiachia amplifaya nafasi ya kupumua, kwa sababu, alisema, amplifaya iliyoshiba ukizidi kuilisha haipazi sauti, inacheua.

Siku aliponikabidhi ile miksa alinipa sharti moja. Alisema kila mpiga gita hufika siku masikio yakamsaliti, na siku hiyo watu wote humsifu, maana hakuna anayependa kumwambia mzee ukweli. Yake ikifika, nisimwachie mtu mwingine amwambie. Nikajibu ndiyo Baba, kwa wepesi wa mtu anayeahidi jambo la mbali.

Halikuwa mbali. Miaka mitatu iliyopita alianza kudai meno. Kila wiki gita lilikuwa butu, niongeze meno, niongeze tena. Nilipokataa kwenye miksa, akayaongeza mwenyewe kwenye amplifaya. Akikanyaga pedali, watu wa meza za mbele waliinamisha vichwa kama waliomwagiwa maji. Nilimpeleka kwa daktari wa masikio nikisingizia kwamba yangu ndiyo yanauma, tupimwe wote kwa pamoja. Daktari aliniambia pembeni kwamba mzee hasikii tena sauti za juu, na kwamba hazitarudi. Baba aliponiuliza njiani, nilimwambia daktari amesema ni nta tu.

Baada ya hapo msimamizi wa ukumbi aliniita kwenye kile kichumba cha makreti ya soda. Hakuwa mtu mbaya. Alisema anamheshimu sana Mzee Nyuzi, ndivyo walivyomwita Baba pale, amekua akimsikiliza, lakini wateja wanahama meza. Ama nirekebishe ile sauti, ama Mzee apumzike. Dada, unajua Baba asingepumzika. Baba angekufa.

Nikafanya hivi. Nilifungua ile pedali mezani kwangu, nikakata waya unaopeleka sauti kwenye sehemu ya kukuza, nikauzungushia mkanda mwekundu na kuulaza chini ya betri. Taa nikaiacha. Sauti ya gita ikawa inapita moja kwa moja, ilivyoingia ndivyo inavyotoka. Na vitufe vya amplifaya nikavilegeza, ili kile cha meno kizunguke bila kufanya kitu. Halafu nikawa nakaa kwenye miksa nimeukazia macho mguu wake. Akikanyaga tu, na taa ikawaka, mimi nampandishia sauti kwenye spika iliyomwelekea yeye pale jukwaani, yenye kifua tele, aisikie hadi mbavuni. Kwa wasikilizaji nampandisha kidogo tu, meno nimeyapunguza. Wiki ya kwanza watu walisimama wakampigia makofi. Alishuka jukwaani anatabasamu, akaniambia unaona, nilikwambia gita lilikuwa linahitaji meno.

Kwa hiyo pedali haikuharibika mkononi mwako. Uliipokea imekufa, na aliyeiua ni mimi. Ningeweza kuishia hapa, nikaomba radhi, nikakuelekeza waya gani uunganishwe na wapi. Lakini kuna mstari katika barua yako ambao umeninyima usingizi.

Umeandika kwamba ulipoifungua kutafuta ubovu ulikuta betri ina mwandiko wa Baba, tarehe na mwaka, na kwamba ulilia kwa kukumbuka tabia yake ya kuandika tarehe kwenye kila kitu alichokibadilisha kwa mkono wake. Kweli, aliandika kwenye balbu, kwenye saa ya ukutani, hata kwenye malapa, mpaka Mama akamuuliza mbona yeye hajaandikwa. Ukanitajia na tarehe yenyewe. Dada, tarehe hiyo ni miezi minne baada ya mimi kukata ule waya.

Huwezi kuitoa ile betri bila kuuona ule mkanda. Unalala hapo chini yake, mwekundu, na hakuna mtu mwingine katika nyumba yetu anayefunga waya kwa mkanda mwekundu. Mimi, fundi mzima, niliona taa haififii wiki baada ya wiki nikasema betri hii ina baraka. Kumbe aliifungua, akaona, akaandika tarehe, akafunga, akanyamaza.

Nimehesabu nyuma, nikakumbuka kwamba ni wakati huohuo alipoanza desturi mpya. Kabla ya kukanyaga pedali aligeuka kwanza kuniangalia. Nilikuwa nikidhani anatafuta sifa, mzee wa watu, nami namtikisia kichwa kumridhisha. Sasa naelewa kwamba alikuwa akihakikisha nipo. Karibu miaka miwili Baba alikanyaga kitu kilichokufa, akijua kimekufa, ili mimi nijue ni saa ngapi nimpandishe. Mimi nilidhani namdanganya.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Mama. Jumapili yake ya mwisho sikuwepo. Nilikwenda kufunga spika kwenye mahafali ya shule, nikamwachia mwenzangu miksa. Sikumweleza habari ya mguu wa Baba na mkono wangu, maana ningemweleza ingebidi nieleze yote. Kesho yake alinisimulia huku akicheka kwamba Mzee alikuwa akiikanyaga ile pedali kama anayeua mende, mara tatu, mara nne, kisha akaacha, akapiga polepole hadi mwisho wa wimbo bila kunyanyua kichwa. Nami nilicheka, Dada. Nilicheka naye.

Jioni hiyo Baba aliniambia jana nilikukosa. Nilimjibu kwamba si nilikuaga, nilikwambia nina kazi ya shule. Akasema ni kweli, ulinieleza. Akaingia ndani, akalilaza gita kwenye mfuko wake, akafunga zipu, akasema vidole vimechoka. Hakulipiga tena hata siku moja mpaka tunamzika. Watu wote wanasema ni ugonjwa uliomwachisha gita. Nami nimekuwa nikiitikia.

Nilijiuliza sana kwa nini gita aliniachia mimi na pedali akasema upelekewe wewe, usiyepiga wala kuimba. Sasa nadhani najua. Alijua utaiwasha, utaona haifanyi kazi, na utaniuliza. Niliahidi nitamwambia mwenyewe, sikumwambia. Akahakikisha kwamba walau kuna mtu nitamwambia.

Maelekezo uliyoniomba ni haya. Toa betri, fungua ule mkanda, waya uunganishwe kwenye kituo kilicho wazi pembeni mwa swichi. Fundi yeyote wa redio atakufanyia kwa dakika tano. Lakini nakusihi usiuunganishe kwanza. Na ile betri usiitupe.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mama anakusalimu, anauliza lini utakuja. Ukiwa na hasira nami niandikie hasira yako yote, usinipunguzie meno. Kunyamaziwa nimekwisha kunyamaziwa.

Ni mimi mdogo wako,
Redio