Bendera Ilishushwa na Mvua

Mpendwa Mshauri Bi Cleo, naomba msaada, lakini kabla hujanisaidia naomba utoe masikioni yote uliyosikia kuhusu bendera ya Grand Etang, maana Grenada nzima inaisimulia hadithi ile na wote wanaikosea, kuanzia wauza samaki wa hapa Gouyave mpaka padri, ambaye hakuwepo kabisa na bado ameitia kwenye mahubiri. Aliyeshika kamba ni mimi, kwa mikono hii. Mwandiko usamehe, shule niliipita kwa nje nikielekea sokoni, lakini mdomo Mungu alinipa wa watu watatu.

Naitwa Ezmine, Tanti Ezmine kwa wote, na ni mtu wa kujitolea kwenye chama cha Wasichana wa Taa tangu sare zetu zikiwa bado zinafunika magoti, na sijisifu, ila hakuna msichana wa kisiwa hiki aliyelala hemani bila kula shelisheli yangu ya tui, na yupo mke wa waziri mmoja aliyelia juu ya sahani yangu mpaka ikabidi nimwongezee chumvi, maana machozi yake hayakutosha.

Sasa Bi Cleo, ukikaa jikoni kambini unakiona chama vizuri kuliko aliyekaa meza kuu, maana meza kuu wanaonana wao kwa wao na sisi tunawaona wote wakija na sahani. Kuna Baraza Kuu, kuna kamati ya mipango, kuna kamati ndogo ya kuangalia ile kamati, na wote ni kina mama wa umri wangu wenye beji mpaka kwenye kola, wanajadili wasichana wavae nini, wale nini, walale saa ngapi, na wasichana wenyewe kazi yao ni kuimba mwanzo na kuimba mwisho, katikati wanapitisha chai ya kakao. Na mimi nilikuwa naona sawa tu, maana chai ilikuwa inafika ya moto.

Mwaka huu Shonelle akaleta hoja. Shonelle ni msichana wa kundi langu mimi, hapa Gouyave, nimemfundisha kufunga fundo akiwa bado anaficha pengo la jino lililong'oka. Hoja yake fupi: wasichana wakubwa wapewe viti viwili kwenye Baraza Kuu, na kura. Akaja kunijaribishia jikoni.

"Tanti, nikisimama pale nianzeje?"

"Anza kwa kusimama," nikamwambia. "Wengi wao hawawezi tena."

Akacheka mpaka akamwaga maharage yangu.

Ili uelewe msiba wenyewe lazima nikupe desturi zetu mbili. Baraza letu linakaa nje, kule kambini Grand Etang, viti vimepangwa kama kwato ya farasi na mlingoti wa bendera umesimama pale kwenye mdomo wa kwato. Bendera ikipanda, mkutano umefunguliwa. Ikishuka, umefungwa, na hata ukiwa na hoja ya kuokoa dunia unarudi nayo nyumbani. Hiyo ya kwanza. Ya pili, bendera yetu hailoweshwi. Tone likianguka, mwenye zamu anakimbia kuishusha, haombi ruhusa, haangalii nani anaongea. Hiyo nimewafundisha wasichana mimi mwenyewe, kwa filimbi, mpaka wengine wakiona wingu wanashtuka wakiwa usingizini.

Ungefikiri kina mama wenye akili zao, wanaokutana juu ya mlima ambao mvua ndiyo mwenye nyumba, wangeona kwamba desturi hizi mbili siku moja zitagongana vichwa. Hawakuona. Tulikuwa tunabahatika tu.

Basi siku ile zamu ya bendera nilipewa mimi, heshima ya ukongwe. Shonelle akaongea, akaongea vizuri mtoto yule, mpaka mama mmoja wa kamati ndogo akasahau kusinzia. Kamishna Mkuu, Bi Ianthe, akasema, "Haya, tunakwenda kwenye kura." Wajumbe wakaanza kuinua mikono, na mimi nilikuwa nimewapa mgongo, nimeukabili mlingoti, miwani iko mfukoni mwa aproni, na hapo hapo tone likanipiga puani. Bi Cleo, miguu yangu haikuniuliza. Nilikimbia kama nina mkopo wa miguu ya mtu mwingine, nikafungua kamba, bendera ikashuka mikononi mwangu kavu kabisa. Nikageuka nikitabasamu, nasubiri makofi.

Bi Ianthe akafunga faili lake. "Bendera imeshuka. Kikao kimefungwa."

"Bi Kamishna, ni mvua!" Shonelle akapiga kelele.

"Mvua naiona, mwanangu. Na bendera naiona pia."

Na kweli Bi Ianthe alinikonyeza, hilo la kukonyezwa wanalolisema watu silikatai, alinikonyeza kabla ya tone, lakini mimi nilikimbia kwa ajili ya tone, si kwa ajili ya jicho. Ndipo wanapoikosea hadithi.

Ijumaa ile, kwenye samaki wa jioni hapa mtaani, wakaanza kunicheka. "Tanti Ezmine, umeua mkutano mzima kwa kuogopa tone!" Sasa mimi nichekwe Gouyave? Nikaweka sahani chini nikawaambia, "Woga? Nyinyi watoto wadogo. Nilimtazama Ianthe, Ianthe akanikonyeza, nikavuta kamba moja nikaangusha baraza la watu wenye beji. Mvua ilikuwa inasubiri amri yangu." Wakapiga meza, wakaninunulia kamba wakubwa wa kukaanga, na mpaka nafika nyumbani hadithi ilikuwa imeshanitangulia. Wakongwe wa chama wananiita jembe. Wasichana wananiita msaliti.

Na sasa imekuwa kesi. Katiba ya chama, ambayo siku ile hakuna aliyeifungua, inasema bendera ikishushwa kwa hali ya hewa, kikao kimesimama tu, kinaendelea siku nyingine palepale kilipokatika. Ikishushwa kwa kusudi la kufunga, kimefungwa, na hoja iliyokufa bila kura hairudi mpaka miaka mitatu ipite, na miaka mitatu ikipita Shonelle na wenzake watakuwa wamevuka umri, hoja itakuwa yatima. Kwa hiyo Jumamosi ijayo Baraza linakaa kumsikiliza mtu mmoja tu, aliyeshika kamba.

Shonelle alikuja mlangoni. Hakuingia. Kila siku huingia bila hodi na kufunua sufuria.

"Tanti, ilikuwa mvua au haikuwa?"

"Ingia kwanza ule."

"Sijaja kula, Tanti."

Akaondoka. Bi Cleo, sijawahi kukataliwa chakula na mtoto wa Gouyave.

Bi Ianthe naye akanipigia simu. Tumevaa sare siku moja mimi na yeye, tukiwa wasichana, na yeye hakunikopesha hata kitana, ndivyo alivyo, mtu wa kanuni. Akasema Kambi Kuu ijayo nitavishwa Taa ya Fedha, beji ambayo hakuna mpishi aliyewahi kuigusa isipokuwa kuifuta vumbi. Nikamwuliza, "Kwa hiyo Jumamosi unataka nisemeje?" Akasema, "Ezmine, sikutumi useme uongo. Sema kile ulichokwisha kusema."

Sasa nifanyeje? Nikisema mvua, nimejiangusha mwenyewe, nitachekwa kuanzia Gouyave mpaka Sauteurs, na Taa ya Fedha nitaisikia redioni. Nikisema kusudi, natembea kifua mbele na sufuria yangu haitafunuliwa tena na mtu. Nisaidie, lakini usinisaidie kwa ukali sana, mimi ni mtu mzima.

Tanti Ezmine, Gouyave

MSHAURI BI CLEO ANAJIBU

Tanti Ezmine, shikamoo. Umeomba nisiwe mkali. Ombi lako nimelisikia na nimeliweka pembeni.

Nakuonea huruma kwa jambo moja. Umekitumikia chama muda mrefu, wakubwa hawajawahi kukukumbuka, na siku wanakukumbuka ni kwa kosa lako la kukimbia. Hilo linauma. Mtu aliyekaa jikoni miaka yote akisikia neno "fedha" limetanguliwa na neno "taa", moyo lazima uruke. Sikulaumu.

Nakulaumu kwa mengine. Unaniambia kwenye barua hiyo hiyo kwamba wasichana hawana sauti kwenye chama chao, wanapitisha chai tu, halafu siku mmoja wao amepata sauti wewe umeifunika kwa sahani ya samaki. Tone halikufanya hivyo. Tone lilisimamisha kikao. Aliyekifunga ni wewe, Ijumaa, mezani, kwa mdomo wa watu watatu.

Na Bi Ianthe usimfanye shetani. Alifuata kanuni jinsi anavyoijua. Kanuni ni mbovu, ndiyo, na kina mama wote mliikalia bila kuiona, hata wewe uliyekuwa unaona vizuri kutoka jikoni.

Sasa nisikilize kuhusu lile jicho. Umeniandikia mwenyewe kwamba uliwapa wajumbe mgongo, umeukabili mlingoti, na miwani iko mfukoni. Tanti, ulikonyezwa kwa upande gani? Kisogoni una jicho la akiba? Sikuulizi ili unijibu mimi. Jiulize, maana kwa sababu ya jicho hilo kuna mwanamke mzima ambaye nusu ya kisiwa inamwita mla njama, na yeye, kama ulivyosema, hajawahi kukuazima hata kitana, sembuse kukukonyeza.

Jumamosi panda Grand Etang mapema. Usipike, usije ukajificha nyuma ya sufuria. Vaa sare, vaa na miwani. Wakikuuliza, sema maneno haya: "Ilinyesha, nikashusha." Kisha kaa chini. Usiongeze radi, usiongeze upepo, usisimulie mke wa waziri. Najua kukaa chini ndiyo sehemu ngumu kwako.

Kuhusu Taa ya Fedha, ukipewa kwa kazi ya jikoni, vaa mpaka kitandani. Ukipewa kwa hili, itakuwasha.

Na kuchekwa utachekwa. Gouyave wataacha wakipata mwingine, na kwa nionavyo mji wenu haukosi. Ukitoka mlimani pita kwa Shonelle kabla hujapita kwa wauza samaki. Kwa mpangilio huo huo, usiugeuze.

Bi Cleo

TANTI EZMINE ALIANDIKA TENA

Bi Cleo, barua yako ilisomwa redioni nikiwa sokoni, kwa hiyo ahsante kwa hiyo aibu pia. Nilipanda. Nilisema ilinyesha nikashusha, nikakaa chini, na Mungu ni shahidi ulimi uliniwasha kama umepakwa pilipili. Bendera ikapandishwa, safari hii chini ya turubai, wazo la Shonelle, na mikono ikainuliwa, mama wa kamati ndogo akainua miwili wakamwambia ateremshe mmoja. Hoja imepita. Bi Ianthe aliipinga mpaka mwisho, halafu ndiye aliyempelekea Shonelle kiti.

Beji sijaipata. Vijana hapa wakiniona wanapiga kelele, "Tanti, wingu hilo, kimbia!" Na jana sufuria yangu ilifunuliwa bila hodi.

Na lile jicho, haya. Bi Ianthe hakunikonyeza. Nililitunga pale mezani, samaki bado wa moto. Hawezi hata kukonyeza: juzi nilimjaribisha, anafumba yote mawili.