Solo ya Wimbo wa Nne

Jumatatu, 3 Machi 1986

Gazeti limetoka! Nimelinunua kabla hata sijapiga mswaki. Uhakiki wa albamu yetu, nusu ukurasa, na picha ambayo mimi nimekatwa sikio. Nimesoma nimesimama pale pale kwa muuza magazeti, watu wananipita.

Mhakiki hana huruma. Kinanda kimeimeza bendi, anasema. Roki imetiwa barafu. Anauliza ni nani aliyemruhusu “binti wa vinanda” kugusa kila wimbo. Binti wa vinanda ni mimi. Nina miaka thelathini na moja!

Halafu mstari wa mwisho: albamu nzima imeokolewa na solo ya gitaa kwenye wimbo wa nne. Eti hapo ndipo anaposikika mtu wa kweli, vidole kwenye nyuzi.

Vidole gani? Nyuzi zipi? Solo ile nilipiga mimi. Kwa kinanda.

Jumanne, 4 Machi

Sikulala vizuri. Naandika ili nipoe.

Siku ya kurekodi kaka yangu, mpiga gitaa wetu, alikuwa amebanwa kidole na mlango wa gari. Kimevimba, hakikunjiki. Studio tulikuwa watatu tu: yeye, mimi na fundi mitambo. Nikapitisha kinanda kwenye amplifaya ya gitaa, nikawa navuta noti kwa lile gurudumu la pembeni, zikalia utadhani nyuzi kabisa. Fundi alicheka mpaka akashika meza. Tukakubaliana tusimwambie Kiongozi wa bendi, tuone kama atagundua. Hakugundua. Jalada likachapwa: magitaa yote, kaka.

Utani! Sasa umenikwama kooni.

Alhamisi, 6 Machi

Mazoezi. Kiongozi ndiye mwimbaji, ndiye aliyenunua kinanda chenyewe, ndiye aliyekuwa akisema ongeza, ongeza! Leo kajifanya hamnazo. Eti alikuwa na wasiwasi tangu mwanzo. Mpiga drams akaguna.

Magazeti mengine mawili yamesema hayo hayo: kinanda baridi, gitaa moto. Kwa hiyo Jumamosi ya wiki ijayo, kwenye kipindi cha redio mbele ya watu, bendi itapiga bila kinanda. Tujaribu tu, anasema. Watu wakipenda, basi itakuwa hivyo moja kwa moja. Yaani niende nyumbani. Nimekuwa na hawa tangu hatuna hata spika!

Nikamwangalia kaka. Alikuwa anakaza nyuzi ambazo zilishakazwa.

Jumapili, 9 Machi

Chakula cha mchana kwa mama. Amekikata kile kipande cha gazeti, amekibandika kwenye friji. Kila anayeingia anasomewa mstari wa mwisho. Jirani kasomewa mara mbili. Mwanangu huyu ndiye kaiokoa bendi! Kisha akanigeukia na paja kubwa la kuku, la pole. Nisivunjike moyo, kinanda kinapendeza sana harusini.

Harusini!

Kaka kala, macho kwenye sahani. Nikamfuata jikoni, yeye anaosha vyombo, mimi nafuta. Utasema lini? Akasema subiri kidogo, mdogo wangu. Tangu nianze gitaa hakuna aliyewahi kuniandika vizuri.

Ni kweli. Na ndilo linaloniuma. Nampenda, ningempa hata solo kumi, lakini siyo na nafasi yangu juu yake.

Nimeondoka bila kuaga. Nimepita kituo cha basi, nikapita na cha pili. Miguu haitaki kusimama.

Jumatano, 12 Machi

Hawezi kuipiga! Mpiga besi kaniambia, bila kujua anamwambia nani: kaka kajifungia chumbani na santuri, anarudia, anakwama pale pale. Lazima akwame. Noti moja niliivuta kutoka chini kabisa hadi juu bila kuikata. Hakuna uzi wa gitaa unaovutika hivyo.

Nimefurahi. Halafu nikajichukia kwa kufurahi. Halafu nikafurahi tena.

Jumamosi, 15 Machi

Ukumbi wa redio. Naandika nimekaa juu ya sanduku la kinanda, nyuma ya pazia. Ndiyo, kinanda kipo! Kaka kanipigia simu asubuhi: kilete, kimya kimya. Mpango wake ni kwamba yeye asimame mbele, asogeze vidole, mimi nipige huku nyuma. Leo tu, mdogo wangu, usiniangushe.

Kiongozi hajui lolote. Fundi mitambo ni yule yule. Kanichomekea nyaya, leo hacheki. Mhakiki yuko mstari wa mbele, kanyoosha miguu kama yuko sebuleni kwake.

Nimemwambia kaka: sema kwanza. Shika kipaza sauti, taja aliyepiga, nami nitapiga mpaka wasimame. Usiposema, utapiga mwenyewe. Kapanda jukwaani.

Wimbo wa tatu umekwisha. Makofi. Mtangazaji anaisifu solo hata kabla haijapigwa, watu wanapiga mbinja. Kaka kasogelea kipaza sauti. Kakohoa. Kasema asanteni.

Asanteni tu!

Drams zimeanza. Ubeti wa kwanza. Kiitikio. Kaka anageuka geuka kutazama pazia, jasho linamtoka. Ubeti wa pili. Fundi ananionyesha kwa mkono: jiandae. Ndugu yangu wa damu huyo, mbele ya watu wote hao.

Kinanda kinawaka. Kalamu hii siiweki chini.