Mito Yangu ya Sufi Ziwani

Jumatatu, 2 Februari 1959

Leo nimeshona boya. Mimi! Mtoto wa Bondeni, Nakuru, ambaye maji mengi niliyoyajua ni ya pipa la mvua.

Ilikuwa hivi. Klabu ya boti hapa Naivasha imewaalika watelezi wa Nakuru, mashindano Jumapili ya tarehe 15. Mtu anasimama juu ya ubao mmoja, boti inamvuta kwa kamba, naye lazima ayazunguke maboya sita, moja kulia, moja kushoto, mpaka mwisho. Akilikosa moja, amekwisha. Wazungu na raha zao! Kazi ya Hemed, mume wangu, ni kuyapanga maboya hayo yasihame. Sasa mipira ya maboya iliyoletwa kwa meli iliachwa ufukoni ndani ya gunia, na kiboko akaipitia. Amebakiza vipande.

Bwana Filimbi, mkubwa wa klabu (ana jina lake, lakini hupiga mluzi kutwa), akauliza tutafanyaje. Hemed akajibu papo hapo: kuna fundi mmoja hodari huko Nakuru. Kisha akaja nyumbani, akasimama, akaitazama cherehani yangu.

Nikamuuliza kwa nini hakusema ni mkewe. Eti Mzungu akisikia ni mwanamke wa nyumbani ataona tunacheza. Nikaguna tu. Lakini uongo haukuwa mwingi. Kwani mimi si wa Nakuru?

Na tunayo sababu. Hemed ni kibarua tu mpaka mashindano. Yakienda vizuri ataandikwa, na nyumba ya mawe kando ya banda la boti itakuwa yetu. Vyumba viwili! Dirisha linatazama ziwa! Yakiharibika, tutarudi Bondeni kwa mama mkwe. Nampenda mama mkwe. Nampenda zaidi akiwa Nakuru nami nikiwa Naivasha.

Alhamisi, 5 Februari

Nimemaliza yote. Turubai kuukuu la boti, nimelikata duara, nimejaza sufi, nimepaka rangi nyekundu. Nilishona kama mama alivyonifunza kushona godoro: unapitisha sindano katikati, unafunga vifundo, sufi isikimbilie upande mmoja. Ni kazi safi, hata nikisema mwenyewe.

Odero, dereva wa boti, alikuja kuyachukua. Akaligeuzageuza moja.

"Shemeji, hii ni boya ama ni mto ya kulalia?"

Nikamwambia alale nalo aone.

Hemed hushusha debe lililojazwa saruji mpaka chini ya ziwa, kamba inapanda kutoka humo, boya linafungwa juu. Kamba ikiwa ndefu, boya linatangatanga. Ikiwa fupi, linazama. Anapima, anafungua, anapima tena, huku Odero akilalamika kuwa njaa inamuua. Mume wangu hana haraka na kitu chochote duniani. Mimi ndiye mwenye haraka.

Ijumaa, 6 Februari

Yanaelea! Mekundu, mistari miwili, yamenyooka. Nimeyatazama mpaka mchuzi ukaungua. Hemed aliumaliza wote, Mungu ambariki.

Alasiri upepo ulileta kisiwa cha mafunjo yanayoelea, kikubwa kama uwanja wa mpira, kinaelekea moja kwa moja kwenye maboya yangu. Hemed na Odero walikisukuma kwa miti mpaka jua likachwea. Nikashangaa nilivyokuwa nikipiga kelele ufukoni. Mambo ya Wazungu yamenihusu lini?

Jumapili, 8 Februari

Aibu.

Bwana Filimbi aliingia majini mwenyewe kujaribu. Akazunguka la kwanza, la pili, la tatu. La nne hakuliona. Lilikuwa limezama! La tano lilikuwa limebaki upara tu. Akaanguka, akatoka na majani kichwani, wala hakupiga mluzi.

Nilikuwa nyuma ya banda, nikamsikia akimwambia Hemed: "Ambia fundi yako, hii hapana boya. Hii iko sponji."

Hemed akajibu ndiyo bwana, atamwambia. Jioni akaniwekea tu maboya yote mlangoni, yanachuruzika. Afadhali angegomba.

Nimelipasua moja. Sufi ilikuwa imelowa kuanzia katikati, palepale kwenye vifundo vyangu. Kila tundu la sindano lilikuwa mlango wa maji. Nilishona godoro, na godoro haliogelei! Nimecheka peke yangu, kisha nimelia kidogo, kisha nimewasha jiko.

Jumatatu, 9 Februari

Tumeanza upya. Hakuna kupitisha sindano katikati. Sufi inashindiliwa kwa mwiko mpaka boya linakuwa gumu kama tikiti. Mshono uko upande mmoja tu, nimeufunika kwa nta ya mishumaa iliyoyeyushwa. Juu yake rangi ya boti, mara tatu.

Niliianika sufi iliyolowa kwenye nyasi. Upepo ukaja! Odero alikimbia ufuko mzima akikamata manyoya meupe hewani, mtu mzima yule. Alirudi na kofia nusu. Nyingine imekwenda kwa flamingo.

Haikutosha. Basi nimepasua mito yetu ya harusi. Hemed akaniuliza tutalalia nini sasa.

Nikamwambia, "Una mikono miwili."

Nimemwona anatabasamu.

Jumatano, 11 Februari

Boya moja limeshinda ndani ya pipa tangu jana, limefungiwa jiwe. Leo nimelipasua. Kavu! Kavu kabisa! Nimecheza uani mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Kisha nikakumbuka kwamba itabidi nilishone tena.

Jumamosi, 14 Februari

Nimeingia ziwani. Hemed alitaka mtu wa kumshikia kamba, nami nikapanda botini kabla hajabadili nia. Nilishika ubao wa boti kwa mikono yote miwili, nikasoma kila dua niijuayo. Odero aliondoa boti polepole. Tukapita langoni, kati ya maboya mawili ya klabu yanayoonyesha mwanzo, halafu yangu sita yakaanza kuja, hili kulia, lile kushoto, kila moja limekaa juu ya maji bila wasiwasi. Niliyafahamu yote. Lile lenye mshono uliopinda, nililishona siku nilipokuwa na hasira.

"Shemeji, mito yako leo imelala sawa," Odero akasema.

Nimefurahi. Sina neno lingine.

Jioni Hemed amerudi amenuna. Bwana Filimbi ameyasifu maboya mapya. Amesema fundi kama huyo asiachwe Nakuru. Kesho mashindano yakienda vizuri, atamwita fundi aje kukaa hapa, ashone maboya ya klabu zote za ziwa. Na nyumba ya mawe atapewa fundi!

"Na wewe?" nimemuuliza.

Eti yeye atatafutiwa nafasi yoyote itakayopatikana.

Tumetazamana. Nyumba yangu imenyang'anywa na mimi mwenyewe! Nimemwambia mdomo ulioleta fundi wa Nakuru ndio utakaomrudisha hapa nyumbani kwake. Hemed ameenda kukagua kamba ambazo ameshazikagua.

Jumapili, 15 Februari

Yamesimama! Hakuna lililozama, tangu asubuhi hadi mwisho. Sisi wa kazi tulitazama kutoka nyuma ya banda. Msichana mmoja wa Nakuru, mwembamba, nywele zimefungwa kitambaa, aliyazunguka yote sita bila kuyumba. Nilipiga kigelegele. Wazungu wote wakageuka kunitazama, na Hemed akajifanya anafunga kiatu. Viatu vyake havina kamba.

Saa sita boti ya wageni ilikatiza vibaya, ikalichana boya la mwisho. Nilikuwa nalo la akiba. Hemed akalifunga, wakaendelea baada ya chai.

Sasa jioni. Nimekaa chumbani na lile lililochanika, nalitia kiraka, na kuandika huku rangi ikikauka. Nasikia mluzi. Bwana Filimbi anakuja huku kwetu! Hajawahi kuja. Yuko nje na Hemed. Anasema kesho anakwenda Nakuru na gari, Hemed amwonyeshe nyumba ya fundi.

Hemed anakohoa. Anasema bwana hana haja ya gari. Bwana anauliza, "Nini?" Hemed anasema fundi hayuko mbali. Sauti yake inatetemeka, maskini, mtu ambaye hamwogopi kiboko.

Anagonga mlango wangu. Miaka yote hii ananiita Kuluthum, au mama ya nani-hii tukitaniana. Sasa anasema, kwa sauti ya kusikiwa na wote walio nje:

"Fundi! Fundi, toka nje kidogo."

Nina uzi mdomoni na rangi nyekundu mpaka viwikoni. Natafuta mtandio, siuoni — basi natoka na boya langu hivi hivi —