Jezi Namba 26 ya Ilpo Saukkoriipi: Kikao cha Kamati Kuamua Kama Ipandishwe Darini

KLABU YA HOKI YA BARAFUNI, KIVISALMI

Tarehe: Jumamosi, 18 Januari 2025, saa 4:00 asubuhi
Mahali: Chumba cha juu, ukumbi wa barafu

Waliohudhuria:
Bw. Pertti Haukkamäki – Mwenyekiti
Bi. Sirkka Vuorela – Makamu Mwenyekiti
Bw. Tauno Rämö – Mjumbe, mtunza vifaa
Bi. Anneli Kujansuu – Katibu

Asiyehudhuria: Bw. Oiva Lassila, kwa taarifa. Ameenda kuvua samaki ziwani. Kura yake ya ndiyo aliileta kwa maandishi.

KUMB. NA. 1/01/2025: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kahawa ilipokwisha kumiminwa. Bw. Tauno alitaka ijulikane kwamba mikate ya mdalasini ilikuwa ya jana. Ilijulikana.

KUMB. NA. 2/01/2025: PENDEKEZO LA KUIPANDISHA JEZI
Bi. Sirkka alipendekeza jezi namba 26 itundikwe darini na isivaliwe tena na mtu yeyote. Alieleza kwamba Bw. Ilpo Saukkoriipi alikuwa beki kwa misimu kumi na nane, michezo 812, na aliitwa timu ya taifa mara kumi na moja. Mabao yake ni 31 tu, lakini beki hapimwi kwa mabao. Alizuia mashuti kwa mbavu, kwa taya na kwa mguu uliokuwa umevunjika tangu kipindi cha kwanza. Katibu alikuwepo siku ile ya mguu na anathibitisha kwamba Ilpo aliomba plasta, akarudi kucheza.

Mwenyekiti alikumbusha kwamba katiba inataka kauli moja. Kura moja ya hapana inaliua pendekezo, na haliwezi kurudishwa kwa miaka kumi.

Bw. Tauno alisema yake itakuwa hapana. Alinukuliwa: "Huyu ndiye aliyetushusha daraja, leo tumtundike juu? Ya mwaka 2001 mmeyasahau?"

Hayajasahaulika. Ulikuwa mchezo wa mwisho wa msimu, sare ingetubakiza darajani, na sare tulikuwa nayo. Refa aliinua mkono kuonyesha faulo ya wapinzani. Kwa desturi, mchezo unaendelea mpaka wao waguse kisahani, kile kidude cheusi kinachochezewa badala ya mpira, na hapo husimama; hawawezi kutufunga, hivyo kipa wetu alikimbilia benchi na mshambuliaji wa ziada akaingia badala yake. Ilpo alirudisha kisahani nyuma bila kugeuka. Nyuma hapakuwa na mtu. Kiliserereka taratibu, uwanja mzima ukikitazama, mpaka ndani ya goli letu tupu.

Bi. Sirkka alimjibu: "Mzee Tauno, miaka ishirini na minne! Mpaka leo Ilpo akinunua maziwa dukani kuna watu wanamwambia asiyarudishe nyuma. Hamchoki?"

Bw. Tauno: "Mimi ndiye niliyefua jezi zile, mama. Zilikuwa zimelowa machozi ya wanaume wazima."

Bi. Sirkka alisema jambo kuhusu machozi ya Bw. Tauno ambalo Katibu hakulisikia vizuri na hakuomba lirudiwe.

KUMB. NA. 3/01/2025: MWENYEKITI KUONDOKA KITINI
Mwenyekiti aliomba Makamu akalie kiti ili yeye aseme kama mjumbe wa kawaida. Walibadilishana viti.

Bw. Pertti alieleza kwamba siku ile yeye ndiye aliyekuwa beki mwenzake Ilpo, akiwa na umri wa miaka kumi na tisa. Alinukuliwa kwa ombi lake mwenyewe: "Mimi ndiye niliyeita. Nilipaza sauti, 'Nyuma, nipo!' Halafu nikaona upenyo mbele, nikakimbilia goli lao nipate sifa. Beki akiitwa na mwenzake hageuki kuhakikisha, anapiga tu. Ilpo hakukosea. Nilikosea mimi, nikanyamaza."

Bw. Tauno aliomba kahawa nyingine na hakuinywa. Kisha alisema: "Basi nimemtukana mtu siye. Na wewe ukinisikiliza." Bw. Pertti alikiri.

Makamu aliitisha kura. Wote waliohudhuria walinyoosha mikono, na Bw. Tauno alitangulia. Pamoja na kura ya Bw. Oiva, pendekezo lilipita kwa kauli moja. Katibu alilia kidogo na haoni haya kuliandika.

KUMB. NA. 4/01/2025: BW. ILPO KUARIFIWA
Bw. Ilpo aliitwa kutoka chini, alikokuwa akifundisha wasichana wa chini ya miaka kumi. Alipanda na viatu vyake vya barafu. Alipoambiwa uamuzi wa jezi alijibu, "Haya." Bw. Pertti alisimama, akaanza kueleza habari ya mwito.

Bw. Ilpo alimkatiza: "Najua, bwana mdogo. Sauti yako niliijua."

Aliulizwa na Makamu kwa nini hakusema miaka yote hiyo. Alijibu: "Alikuwa na miaka kumi na tisa. Mji huu ungemmaliza, angeacha kucheza. Mimi nilikuwa nimeshazoea kupigwa."

Bw. Tauno alisimama na kumpa mkono, akachelewa kuuachia. Bw. Ilpo alisema wanafunzi wake wanamsubiri, akashuka.

KUMB. NA. 5/01/2025: KUFUNGA KIKAO
Mwenyekiti alirudi kitini na kufunga kikao saa 5:35 asubuhi. Kabla ya kusaini, Katibu alimuuliza faraghani kama maneno yake ya KUMB. NA. 3 yalainishwe, kwa kuwa nakala hubandikwa mlangoni na mji mzima husoma. Alisema yabaki yalivyo, na ibandikwe leo, kabla watu hawajaja kwenye mchezo wa saa kumi na moja.

Imesainiwa:
Pertti Haukkamäki, Mwenyekiti
Anneli Kujansuu, Katibu

Imebandikwa mlangoni saa 6:10 mchana, na Mwenyekiti mwenyewe.