Saa Aliyoiacha Hamisi

Jumatatu, 1 Julai
Upepo wa huku kwetu Nkuhungu tangu alfajiri. Vumbi hadi kwenye sukari. Mke wangu Mwanaidi kaswali, kabaki mkekani, kaitia ufunguo saa ya mwanetu Hamisi kama kila siku. Leo kitufe kilizunguka bila kukaza. Akaendelea kuzungusha. Nikamwambia nipe niifute, nikaitia mfukoni. Imesimama. Yeye hajui.

Nimeogopa.

Jumanne, 2 Julai
Nimeipeleka kwa Fundi Selemani, sokoni Majengo. Springi imekatika. "Mwalimu, mashine hii sijaiona miaka. Kiwanda chenyewe sijui kama bado kipo." Atatafuta mbovu ya aina hiyo aing'oe springi yake. Hakuahidi.

Niliitazama vizuri. Uso mweusi. Namba moja hadi kumi na mbili, na ndani yake ndogondogo, kumi na tatu hadi ishirini na nne. Jina la kiwanda hakuna. Mgongoni namba tu. Niliwahi kusoma juu ya viwanda vilivyoyauzia majeshi saa kama hizi. Majeshi yalitaka isomeke gizani. Yalitaka vyuma vya kushikia mkanda visichomoke, ili mkanda ukivutwa saa ibaki mkononi. Walifikiria yote, saa isipotee.

Hamisi aliinunua kwa mwanajeshi mstaafu, akiwa kuruta. Alipopangiwa kwenda kulinda amani nchi ya jirani, aliivua akamwekea mama yake kiganjani. "Mama, nitunzie. Usiiache isimame. Nakuja kuichukua." Akaondoka na ya plastiki, isiyoingia maji. Boti ikapinduka mtoni. Maofisa wawili walikaa sebuleni hapa, kofia magotini, wakasema mwili haujapatikana. Mwanaidi akawaonyesha saa. Mbona inatembea, akasema.

Kwa hiyo hatujakaa matanga wala kumsalia. Huu mwaka wa kumi na moja.

Alhamisi, 4 Julai
Anaidai. Nimesema iko kwa fundi, inafutwa vumbi. "Vumbi gani la siku zote hizo? Huyo fundi anafuta saa au anafagia uwanja wa ndege?" Binti yetu Zainabu kacheka jikoni. Mimi sikuweza. Mwanaidi ana presha, na hali chakula vizuri. Akikaa, kiganja chake kinajikunja chenyewe juu ya kitu ambacho hakipo.

Zainabu anataka nimwambie ukweli. Nimekataa.

Jumamosi, 6 Julai
Nimenunua nyingine. Sokoni, meza nzima ya saa za kijeshi: za makomando, za marubani, za wazamiaji. Maandishi makubwa usoni. "Mzee, ukivaa hii jirani anakupigia saluti." Nikauliza isiyo na maandishi. Ilikuwepo moja, nyeusi, namba zilezile. Ya betri. Nani kaitengeneza? Muuzaji hajui, zote zimetoka boksi moja. Nadhani hakuna jeshi lililowahi kuziona.

Nimeihamishia ule mkanda wa kitambaa, uliochakaa pale panapokaa kidole gumba cha Mwanaidi. Kioo nimekisugua kwa majivu kisimetemete. Kinachonitisha ni mlio. Ile ya Hamisi hukimbia. Hii inapiga hatua mojamoja, kama mlinzi.

Ni udanganyifu. Najua.

Jumapili, 7 Julai
Nimempa kabla ya chai. Kaiweka sikioni kwa muda mrefu. Nikadhani nimepona. Kisha kaitazama. "Baba Hamisi, sasa saa ngapi?" Saa mbili, nikasema. Kanigeuzia uso wa saa. Mshale mfupi ulikuwa kwenye nane.

Nilisahau. Siku ya kuaga, Hamisi aliizungusha mishale isome kama mama yake anavyohesabu, kuanzia macheo. Saa mbili, mshale kwenye mbili. Mwanaidi hakupelekwa shule, na hakuwahi kuona sababu ya kusoma nane na kutamka mbili. Mimi nimefundisha watoto kusoma saa maisha yangu yote. Nikailinganisha kama nilivyozoea.

"Ya mwanangu iko wapi?"

Nikamwambia. Imesimama tangu Jumatatu. Hakulia. Kaiweka ya betri mkekani, taratibu, kama kitu cha mgeni.

Jumatano, 10 Julai
Leo mchana Mwanaidi kaniuliza wazazi wetu wamelala wapi. Anajua. Chini ya maji ya Mtera, pamoja na kijiji chetu. Bwawa lilipojengwa, lori lilitubeba sisi, mbuzi na milango ya nyumba. Makaburi yakabaki. Tangu hapo nawasomea Yasini kutoka mbali.

"Basi na yeye tumsomee hivyohivyo. Kamwite shehe."

Ijumaa, 12 Julai
Baada ya sala ya Ijumaa tumemsalia Hamisi. Mbele ya imamu hapakuwa na jeneza. Nyumbani hitima. Majirani wamejaa hadi uani. Mwanaidi kalia mara ya kwanza, sauti ambayo sikuijua. Zainabu kamshika.

Nimeichukia ile saa. Imetunyima kilio miaka yote hii. Nimejichukia na mimi, nusura niiongezee miaka mingine.

Alhamisi, 18 Julai
Selemani kapata springi. Saa inatembea. Alikuwa kailinganisha kama za watu wote. Nikaigeuza pale pale kibandani. Kacheka: "Mwalimu mzima, saa imekushinda?" Sikumweleza.

Nimemwekea Mwanaidi kiganjani. Kaisikiliza kidogo tu. Jana aligawa nguo za marehemu. Kavuta mkono wangu, kanifunga hiyo saa. "Uwe unaitia ufunguo mwenyewe. Mimi nimechoka."

Jumamosi, 20 Julai
Upepo umetulia. Nimeswali, nimeitia ufunguo. Mwanaidi karudi kulala. Zamani hakulala baada ya alfajiri. Nimetoka uani polepole nisimwamshe. Jua limefika juu ya ukuta. Mshale mfupi uko kwenye moja.